Kutua Kinyumenyume kwenye Mlima wa Brashi

Wiki iliyopita nilinunua zulia la kufutia miguu, lile la nywele ngumu za plastiki, la kijani, nikaliweka nje ya mlango. Mvua ya hapa ikalinyeshea mchana kutwa. Jioni niliporudi kazini, nilipoinama kutafuta funguo kwenye mkoba, harufu yake ikanipanda puani: plastiki iliyolowa, ya baridi, yenye vumbi ndani yake. Nikakaa chini pale pale kizingitini na koti langu na mfuko wa mboga, nikalia. Jirani alipita akaniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Basi nawaeleza nyinyi, wenzangu wa rika langu, mliolelewa huku na watu waliolelewa kule. Nyinyi hamtanishangaa.

Nilikulia Edmonton, kaskazini mwa London, katika nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba hata tukawa tunajua jirani anatazama nini kwenye televisheni. Baba alifanya kazi ghalani zamu ya usiku, mchana analala, na sisi tunatembea kwa ncha za vidole. Mama siku za wiki alihudumia wazee majumbani mwao, anawaogesha, anawalisha, anasikiliza hadithi zao za vita. Jumamosi asubuhi alisafisha mkahawa ulio chini ya mlima wa kutelezea. Nikisema mlima msifikirie Kilimanjaro. Kilikuwa kilima cha kutengenezwa na watu, pembezoni mwa mji, kimefunikwa juu mpaka chini kwa mikeka ya brashi za plastiki, na mabomba yakinyunyiza maji ili watu wateleze. Waingereza wa mji huu theluji hawana, lakini hamu ya kuteleza wanayo, kwa hiyo wakajifanyia yao. Mama alisema ule ni mlima ambao majini wanasugulia sufuria zao.

Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia, Mama alikwenda nami. Yeye anapiga deki, mimi nakaa kwenye meza ya dirishani na kitabu cha shule. Nilikuwa mtoto mwembamba, mkimya, wa wale watoto wa hapa tunaoambiwa jambo kwa Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza. Mama alishazoea. Alikuwa akisema nyumba yetu ina redio mbili, kila moja na stesheni yake.

Aliyenitoa mezani ni Uncle Pravin, mzee aliyetunza chumba cha mabuti. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, anakaa Kenton, upande mwingine wa London. Alikuwa na duka kwa miaka mingi, likamchosha akaliuza, kisha akagundua kwamba kukaa nyumbani kunachosha zaidi. Siku ya kwanza alipomsikia Mama akinigombeza kwa kumwaga maziwa, alitoa kichwa kwenye kidirisha chake akasema, "Mama, kumbe nyinyi pia mko hapa?" Kuanzia siku hiyo chupa yetu ya chai ikawa ya watu watatu.

"Huyu msichana ataota kutu hapo dirishani," alimwambia Mama siku moja. "Nipatie miguu yake nipime."

Akanitolea mabuti mazito, na akanitolea vitu ambavyo nilikuwa sijawahi kuviona, skibodi. Ni vibao viwili vifupi vya kufunga miguuni, vifupi kuliko zile ski za kawaida kwa zaidi ya nusu, na havina fimbo za kushika. Vimepinda mbele na nyuma sawasawa, hivyo unaweza kuvitelezea upande wowote. Vilikuwa vya mwanawe aliyehamia Kanada. Aliniambia vimekaa kabatini vinamtazama, na hapendi kutazamwa.

Nilianguka sana. Brashi ile haina huruma. Ukiangukia mkono mtupu inakukwangua kama nazi kwenye mbuzi. Lakini nilijifunza. Uncle Pravin mwenyewe hakuwahi kuteleza hata siku moja maishani mwake, aliogopa hata ngazi, ila alikuwa amemtazama mwanawe miaka na miaka mpaka maneno yote yakamkaa kichwani. Alisimama mlangoni mwa chumba chake na kikombe cha chai akanielekeza kwa kupiga kelele, na watu wakageuka kutazama ile lugha inatoka wapi.

Pembeni mwa mlima kulikuwa na matuta mawili madogo, kama yale ya barabarani ya kupunguza mwendo, ila upande wa chini yamekatwa ghafla. Unashuka, unapanda tuta, unakuwa hewani kitambo cha kupepesa jicho, unatua. Kulizoea tuta kulinichukua majira mazima ya baridi. Baada ya hapo Uncle Pravin akasema kuna jambo moja mwanawe alilipenda kuliko yote: unaruka ukiwa umetazama mbele, unajizungusha nusu hewani, unatua kinyumenyume, unaendelea kuteremka huku unatazama juu ulikotoka.

"Macho kwanza," alinifundisha. "Halafu bega. Miguu haina akili, itafuata."

Mama alikuwa amekuja kusimama karibu naye na ufagio. Akaniambia, "Siku utakayotua kinyumenyume, wallahi nitakupigia kigelegele hapa hapa mbele ya hawa Wazungu, uone kama utapata pa kuuficha uso." Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba asithubutu. Moyoni niliitaka siku ile kuliko Idi.

Ndipo Mama akaanza kuchoka. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, amechoka. Figo zake zilikuwa zinakufa, lakini kwetu mtoto haambiwi ugonjwa, anaambiwa uchovu, na wakubwa wanadhani wamemhurumia. Mimi nilimwona Mama akivimba miguu, akiacha chai yake ipoe, akilala mchana kama Baba. Nikadhani ni kazi. Baadaye wakasema anakwenda hospitali kupumzika kwenye mashine, nikapata picha ya kitanda kizuri kinachobembea. Kumbe ile mashine ilikuwa ya kusafisha damu, na alirudi kutoka huko amejikunja kama nguo iliyokamuliwa.

Bibi, mama yake Mama, akaja kutoka Tanga kutusaidia. Alikuja na koti la kuazima na sanduku la nazi kavu, samaki wa chumvi na dawa za mizizi. Bibi hakujua Kiingereza, na mimi Kiswahili nilikielewa chote ila kukitoa mdomoni nilikuwa naona haya, nikiogopa kuchekwa. Kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya upande mmoja. Yeye anasema, mimi natikisa kichwa.

Siku moja alikuwa jikoni anamenya vitunguu na mimi nafanya mazoezi ukumbini. Nilikuwa naruka kutoka kwenye ngazi ya mwisho na soksi zangu, najigeuza nusu, natua, kisha nateleza kinyumenyume juu ya sakafu mpaka mlangoni. Nilikuwa nimekaribia kuweza. Bibi alinitazama mara mbili tatu. Hakuinua sauti.

"We mtoto, acha hivyo. Hujui ukienda kinyumenyume unamwombea mamako kifo?"

Nikasimama.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akaongeza, na akarudi kwenye vitunguu vyake, akaanza kulalamika kwamba vitunguu vya huku havilizi mtu.

Mnayajua maneno haya. Mmeambiwa nyote, pamoja na lile la kupiga mluzi usiku na lile la kukalia kinu. Wengi wenu mliambiwa mkiwa kundi zima uani, mkacheka, na aliyekuwa mkubwa akajaribu, na mama yake akabaki mzima, na mchezo ukaendelea. Mimi nilikuwa peke yangu ukumbini, sikuwa na mkubwa wa kujaribu kwa niaba yangu. Juu, chumbani, Mama alikuwa amelala saa saba za mchana. Nikarudisha mawazo nyuma: nilianza kujifunza kujigeuza lini? Mama alianza kuchoka lini? Ilikuwa ni wakati ule ule. Nilielewa kwamba ugonjwa ule nilikuwa nimeuanza mimi, na kwamba bado sijamaliza kuua, kwa sababu kwenye mlima sijawahi kutua kinyumenyume hata mara moja. Nikiacha sasa, atapona.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa lugha gani?

Shida ni kwamba Mama hakuacha kwenda mlimani. Kazi alikuwa ameacha, mtu mwingine akapewa ufagio wake, lakini Jumamosi akipata nguvu alitaka apelekwe. Alisema kwingine kote watu wanamtazama kama maiti anayetembea, pale ana meza yake. Uncle Pravin akawa anazunguka na gari lake kuukuu kutoka Kenton mpaka kwetu kutuchukua, safari ya ovyo kabisa, na Mama anamwomba radhi njia nzima. Akifika anakaa dirishani, kanga juu ya koti, mikono kwenye kikombe. Ananitazama mimi tu.

Na mimi naharibu. Napanda kwa ile kamba ya kuvuta watu, nashuka, napanda tuta, naanza kujizungusha, na katikati nauzuia mwili, naanguka ubavu. Mwili ulikuwa unataka kumaliza. Hili ndilo gumu kulieleza: miguu ilikuwa imeshajua, bega limeshajua, na kila mara ilinibidi niushike mwili wangu kama mtu anavyomshika mbuzi pembe asivuke barabara. Ubavu wangu ulikuwa na michubuko mpaka kiunoni. Usiku nilijipaka mafuta mwenyewe nikajihesabia kila mchubuko kama siku nyingine niliyompa Mama.

Uncle Pravin hakudanganyika muda mrefu. Alinifungua mabuti siku moja huku ameinama, akaniambia polepole, "Mtu asiyejua huanguka akiwa ameshtuka. Wewe unaanguka kwa mpango. Kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu.

"Mama yako anangoja," alisema.

Nilijua anangoja. Nilimwona kila nilipoinuka, uso wake kwenye kioo, mdomo umejiweka tayari kwa kigelegele, kisha unafunga. Mama hakunigombeza kamwe. Aliniambia maneno ya kunituliza, "Leo haikuwa siku yako," au, "Lile tuta limelowa mno." Nilimwona amepata nafuu Jumamosi mbili mfululizo, ameweza hata kula mkate, na nikajisifu kimyakimya kwamba dawa yangu inafanya kazi. Nilikuwa na furaha ya ajabu siku zile. Nilikuwa nimebeba siri ya kumponya Mama na hakuna aliyejua.

Jumamosi ya mwisho alikuwa ndiyo kwanza ametoka kulazwa. Baba alikataa, Bibi alikataa, yeye akavaa koti lake akakaa kwenye ngazi akisubiri gari. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuchosha, na mlimani palikuwa na watu wachache. Aliniita kabla sijapanda, akanishika kidevu.

"Leo nataka kuona," alisema. "Leo, mwanangu. Nifanyie leo."

Nikapanda. Nikaharibu. Nikapanda tena, nikaharibu. Nilianguka mpaka mlinzi wa kamba akaniuliza kama niko salama. Kila nilipokuwa hewani nilisikia maneno ya Bibi, na kila nilipokuwa chini niliona uso wa Mama dirishani, na uso ule haukuwa na hasira. Mwishoni haukuwa unangoja tena.

Ndani ya gari wakati wa kurudi alikaa nyuma nami. Uncle Pravin aliwasha redio kisha akaizima. Tulikuwa tumekaribia nyumbani Mama aliposema, bila kunitazama, "Nimekuzaa mimi. Najua unavyoanguka ukianguka kweli."

Nikaanza kuchezea zipu ya koti langu.

"Hutaki nione?"

Nilitikisa kichwa, na mpaka leo sijui nilimaanisha nini kwa kutikisa kule.

"Umenikasirikia kwa sababu ninaumwa," alisema. Hakuuliza. "Una haki. Mimi mwenyewe nimejikasirikia." Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye mapaja yake, akaufunika kwa kanga. Neno la Kiswahili lilinijaa mdomoni, nikataka kumwambia, Mama, ni kwa ajili yako. Lakini nilihofu kwamba dawa ikitajwa itaharibika. Nikatazama nje, tukapita vituo vya basi, tukafika.

Alifia hospitali siku ya shule. Nilipogeuka kona ya mtaa wetu niliona viatu mlangoni, vingi, vya kike na vya kiume, vimemwagika mpaka kwenye njia ya miguu na mvua inavinyeshea. Hakuna mtu mwenye viatu vingi hivyo nyumbani kwake bila sababu. Ndani kulinukia pilau na udi. Wanawake niliowajua na nisiowajua walinikumbatia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema niende kwanza nikale. Bibi ndiye aliyeniambia, na aliniambia kwa kifupi, kama alivyosema mambo yote.

Wanaume wakaenda kuzika, sisi tukabaki na juzuu na sahani. Sikulia. Watu walisema huyu mtoto ana moyo mgumu. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilipitia Jumamosi zote, kila tuta, kila anguko, natafuta ile moja ambayo labda niliteleza nyuma kidogo bila kujua, na sikuiona.

Matanga yalipoanuliwa na wageni kuondoka, nilimkuta Bibi jikoni anaosha sufuria za watu ili zirudishwe. Nikasimama mlangoni. Nikasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumwambia jambo refu, na kila neno likatoka limepinda.

"Bibi, mbona Mama amekufa? Mimi sikwenda kinyumenyume."

Hakunielewa. Alidhani lugha imenishinda. Nikarudia. Nikamweleza tuta, kigelegele, ubavu wangu, na jinsi nilivyouzuia mwili. Nikainua fulana nikamwonyesha michubuko iliyokuwa inageuka njano.

"Nani alikwambia maneno hayo?" aliuliza.

"Wewe."

Akautazama ule ubavu. Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika na hakuyafunga. Alikuwa hakumbuki, niliona wazi kwamba hakumbuki, kwa sababu yalikuwa maneno tu, wanayosema wote, ili mtoto asijikwae akapasua kichwa. Alikaa juu ya kindoo kilichofunikwa. Bibi yangu, mwanamke aliyezika mume na sasa mtoto, nilimwona akitafuta pa kuweka mikono yake.

"Nililisikia la mkuu," nilimwambia. Sikusema kwa ubaya. Nilitaka ajue nilikuwa mtiifu.

Jumamosi iliyofuata alivaa koti la Mama, likamzidi mikono, akamwambia Baba ampigie simu yule Mhindi. "Anipeleke nikaone huko," alisema.

Uncle Pravin alinifunga mabuti. Nilipofika juu nikageuka kutazama chini, na nyuma ya kioo, kwenye meza ile ile, lilikuwapo lile koti. Kwa kitambo moyo uliruka. Kisha nikaona kichwa ni kidogo na kimeinama. Nikajiambia: sasa una ruhusa. Mtoto asiye na mama anaweza kwenda kinyumenyume anavyotaka, hana wa kumuua. Niliyafikiri hayo kwa utulivu kabisa, na hakuna mtu aliyenifundisha.

Nikashuka. Macho, bega, miguu ikafuata. Nilitua mara ya kwanza tu, wala sikuyumba. Ilikuwa rahisi kama kukaa kitini, na urahisi ule ndio ulioniua, kwa maana ningeweza siku ile, na Jumamosi ile ya kabla yake, na zote. Nikateremka huku natazama juu, tuta likizidi kuwa dogo, maji ya mabomba yakinirushia uso ile harufu. Ukitelezea kinyumenyume huoni unakokwenda. Nilijua tu kwamba nyuma yangu kuna kioo na kwamba nakiendea. Nikafika chini nikasimama, mgongo kwa mkahawa. Sikugeuka. Maadamu sijageuka, kwenye kiti kile angeweza kuwa yeyote.

Nikangoja kigelegele.

Mlango wa mkahawa ulifunguka. Nikasikia ndara za Bibi zikija juu ya brashi, taratibu, zinanasa na kunasuka. Hakupiga kigelegele, kwani mwenye msiba hapigi. Alisimama nyuma yangu, akaweka mkono wake begani kwangu, mkono uliozama ndani ya mkono mrefu wa koti la Mama, akanisukuma kidogo kuelekea kwenye kamba ya kupandia.

"Rudia," alisema.

Nikapanda, bila kugeuka.